Kumchagulia mwanao daktari, Mtwara na Lindi: kazi ya kufanya angali mzima

Binti yangu wa kwanza alishikwa na degedege akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, usiku, tukiwa tumepanga Chikongola. Macho yamepinduka, mikono inapigapiga, mate yanamtoka. Chumba kilijaa watu kabla sijajifunga kanga vizuri. Mama mwenye nyumba alitaka mtoto afukizwe kinyesi cha tembo. Shemeji yangu alishavaa kandambili, anakwenda kumgongea mwenye duka la dawa. Baba yake anasema hospitali, lakini hospitali ipi, hasemi. Tukabishana pale, labda dakika tano, labda kumi. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu tu.

Alipona, na sasa yuko darasa la sita. Hospitali usiku ule zilikuwepo. Sisi ndio tulikuwa hatujaamua.

Mimi si mtu wa afya. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, na haya ninayoyaandika nimeyaokota kwenye mabenchi ya kusubiri, kwenye semina za afya ya shule, na kwa kuwasumbua manesi kwa maswali. Chukua yanayokufaa.

Hatua ya 1: Jua unayemwita dokta ni nani

Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta. Muuza dawa dokta, nesi dokta, mpima damu dokta. Heshima haina ubaya, ila mtoto akiumwa ni vizuri ujue aliye mbele yako kasomea nini.

Kwenye zahanati nyingi utakutana na tabibu. Huyu amesoma stashahada ya miaka 3, na magonjwa mengi ya kila siku ya watoto anayajua kwa sababu anayaona kutwa. Daktari amekaa chuo kikuu miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Daktari bingwa wa watoto ni daktari aliyerudi darasani miaka 3 mingine kuwasomea watoto peke yao. Matabibu na madaktari wote wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi wana baraza lao, na wafamasia wana Baraza la Famasi. Muuzaji wa duka la dawa muhimu amepewa mafunzo ya kuuza dawa. Kumpima mtoto na kusema anaumwa nini si kazi yake, hata awe mpole na jirani kiasi gani.

Usimdharau tabibu. Wa zahanati ya kijijini ndiye aliyegundua kwamba mwanangu wa pili ana pumu, baada ya madaktari wawili mjini kumjaza dawa za kikohozi. Alichofanya ni kuuliza maswali ambayo wenzake hawakuuliza: anakohoa zaidi usiku? Akikimbia? Nyumbani mnapikia nini, na wapi?

Kuuliza cheo cha mtu kunataka adabu. Mimi huwa nasema hivi: "Habari za kazi, dokta. Samahani, kwenye daftari la mtoto huwa naandika aliyemwona. Niandike tabibu au daktari?" Hakuna aliyewahi kuninunia. Kijana mmoja alicheka akasema, "Andika bado nasoma, mama, ila bosi wangu yuko chumba kile." Nilimpenda kuliko wengi wenye vyeo.

Hatua ya 2: Panga milango yako

Chukua karatasi. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya unachofika kwa miguu au kwa bodaboda moja. Wa pili ni hospitali ya wilaya au halmashauri, mfano Mkomaindo kwa watu wa Masasi na Kinyonga kwa watu wa Kilwa. Wa tatu ni hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Juu yake iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na juu kabisa Muhimbili na taasisi zilizo jirani yake Dar es Salaam. Zipo pia hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, zote mbili kwenye barabara ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi. Anayeishi ukanda ule huenda mlango wake wa pili na wa tatu ni huo huo mmoja.

Homa, kuhara, kikohozi, kipimo cha malaria, dawa ya kuchanganya na maji ya mtoto anayeharisha pamoja na vidonge vya zinki: hayo yote ni ya mlango wa kwanza. Ukimbeba mtoto mwenye mafua ukaruka mpaka hospitali ya mkoa, utakaa naye benchi kutwa nzima katikati ya watoto wanaoumwa kweli, na jioni utarudi na dawa ile ile ambayo ungepewa mtaani kwako. Tena mlango wa chini ndio unaoandika barua ya rufaa. Bila barua unaweza kurudishwa, au kutozwa tofauti.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika njia. Usiku bodaboda gani inakubali kutoka? Mvua zetu za Desemba mpaka Aprili zinaharibu barabara gani? Mtu wa Msangamkuu aulize kivuko kinalala saa ngapi na nani mwenye mtumbwi wa dharura. Wa Kitunda, ng'ambo ya Lindi, vivyo hivyo. Na usijenge mpango wako juu ya Dar es Salaam. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Kilwa, mabasi yalilala njiani na wasafiri wao. Uwe na mtu wako huku huku kusini.

Hatua ya 3: Nenda ukaangalie, mtoto akiwa anacheka

Nafasi ya kwenda unayo, tena ya bure. Mtoto anatakiwa kliniki akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Katikati hapo kuna kupimwa uzito kila mwezi, na matone ya vitamini A kila miezi 6 kuanzia miezi 6. Wengi wetu tunakwenda, tunachomwa, tunakimbia kuwahi daladala. Mimi mtoto wa tatu niliamua kukaa.

Nilikaa kwenye benchi la zahanati asubuhi nzima, mtoto mgongoni, nikitazama kama mtu anayetaka kununua nyumba. Mizani inarudishwa sifuri kabla ya kila mtoto, au wanapima na nguo na beseni? Nesi anaweka alama kwenye mstari wa kadi na kumweleza mama, au anaandika tu namba? Wananawa? Mama aliyechelewa chanjo wiki tatu wanampokea au wanamfokea mbele za watu? Hili la mwisho nalitia uzito mkubwa. Mama aliyefokewa leo, kesho mtoto akizidiwa atasitasita kurudi.

Foleni ilipopungua nikauliza yangu. Vipimo vya haraka vya malaria vipo leo? Oksijeni ipo? Mtoto akizidiwa gari la wagonjwa linatoka wapi? Na usiku yupo nani?

"Usiku nipo mimi na mlinzi," nesi akaniambia. "Ukija, mama, gonga dirisha la nyuma, hili la upande wa mwembe. La mbele silisikii, feni inapiga kelele."

Sijawahi kupata jibu lenye faida kuliko hilo. Nililiandika neno kwa neno.

Ukienda kwenye zahanati au hospitali ya binafsi, mambo ya kutazama ni hayo hayo, ongeza moja: ukutani kuna cheti cha usajili, na chumbani kuna mtu mwenye jina. Zulia na televisheni visikulevye.

Hatua ya 4: Mpime daktari kwa mikono yake

Hapa ndipo penyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daktari mzuri wa mtoto anamgusa mtoto. Anamvua shati. Anamweka mapajani kwako, asimwamshe kama amelala, anainua nguo na kutazama kifua kikipanda na kushuka, saa mkononi, dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, mara 40. Kichanga cha chini ya miezi 2, mara 60. Hesabu hiyo haitaki mashine, ndiyo inayowasaidia kutenganisha mafua na nimonia. Akiona kifua kinabonyea ndani kila mtoto anapovuta hewa, hatakuachia uondoke hivi hivi.

Anampima uzito, kwa sababu dozi ya mtoto inakwenda kwa kilo. Mfano ni dawa mseto ya malaria: mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anameza kidonge kimoja, wa kilo 15 mpaka chini ya 25 anameza viwili, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Ukimwona mtu anaandika dawa kwa kukisia umri, "huyu kama miaka miwili hivi," muombe mizani.

Anafungua viganja vya mtoto na kuangalia kama vimepauka. Anapima mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akisoma chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, hata kama uso umenenepa. Anaomba kadi ya kliniki. Na kabla ya yote anauliza mambo manne: ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hajitambui? Jibu moja likiwa baya, foleni inavunjwa na mtoto anapita mbele.

Sasa kipimo cha malaria. Homa zetu nyingi huku tunaziita malaria kabla hata ya kutoka nyumbani, na tunachukia kuambiwa hapana. Mwaka fulani nilimpeleka mwanangu kwenye zahanati moja ya binafsi mjini. Kipimo kikasema hana. Mtoa huduma akakitazama, akanitazama na mimi, akaona nilivyonuna, akasema, "Ila tumtibu tu, mama, kipimo hakionagi." Tukaongezewa sindano moja, chupa mbili za dawa ya maji na dripu ambayo mtoto hakuihitaji maana alikuwa anakunywa uji vizuri. Nililipa nikashukuru. Siku ya tatu homa ipo pale pale. Tulipokwenda kwingine ikaonekana sikio limeoza ndani. Yule wa kwanza hakuwa ameliangalia sikio. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimemlazimisha kwa uso.

Kwa hiyo anayekuambia "hana malaria, ngoja tutafute kingine" huyo mshike. Anayeuliza lini mtoto alitibiwa malaria mara ya mwisho mshike zaidi, kwa sababu kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Anayempa kila mtoto mwenye mafua antibiotiki, mtilie shaka. Anayechoma sindano kila mgeni, mtilie shaka mara mbili. Sindano ina kazi yake, malaria kali hutibiwa kwa sindano, lakini hata hapo mtoto akishaweza kumeza lazima amalizie dozi kamili ya vidonge, na daktari makini hatakuachia bila kukueleza hilo.

Kitu cha mwisho ni jinsi anavyokuaga. Mbaya anasema, "Kachukueni dawa dirishani." Mzuri anasema mtoto anaumwa nini, dawa hii ni ya nini, itaanza kumsaidia lini, na ukiona nini umrudishe usiku huo huo bila kusubiri. Asipokuambia, muulize: "Dokta, nikiona dalili gani nirudi?" Akikujibu kwa mapana, umepata mtu. Akisema "utajua mwenyewe," nawe umepata jibu lako.

Hatua ya 5: Mpe daktari mambo ya nyumbani, yote

Madaktari wengi wanaokuja kusini ni wageni wa huku. Bibi akisema mtoto "ana mchango" au "amebemendwa," mgeni anaweza kucheka. Asicheke. Mtoto anayesemwa amebemendwa mara nyingi ni mtoto aliyekonda, anayeharisha, aliyeachishwa ziwa mapema mama alipopata mimba nyingine; lile neno lina habari ndani yake, na daktari mwenye masikio ataichimba. Degedege nalo wazee wetu wanalihusisha na ndege wa usiku, lakini mtoto anayetetemeka hivyo huenda ana malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka. Chagua daktari ambaye bibi yako anaweza kukaa mbele yake akasema kila kitu bila kuona haya. Akina bibi wa Newala na Tandahimba wengine wanasema vizuri zaidi kwa Kimakonde. Kama kuna nesi anayekijua, muombe akae karibu.

Na wewe usifiche. Kama mtoto amenyweshwa mizizi, sema. Kama amechanjwa chale, sema. Kama mtu amemkata kimeo, sema haraka, kwa sababu damu na maambukizi ya pale kooni yanaua. Sijui kwa nini tunaficha. Labda tunaogopa kusemwa. Mimi nilificha mara moja, nesi akaona majivu kwenye kitovu cha mtoto kabla sijafungua mdomo, akanitazama tu.

Kuna na mambo ya korosho. Miezi ya Juni mpaka Agosti mashamba yanapigwa salfa, na vumbi lile linakaa hewani, kwenye nguo za baba, kwenye kanga ninayombebea mtoto. Mtoto akikohoa au kuwashwa macho msimu huo, mwambie daktari kwamba mnapuliza. Mwambie pia madawa ya shamba mnayatunza wapi. Mtoto wa miaka miwili haoni tofauti ya chupa ya soda yenye soda na chupa ya soda yenye sumu ya wadudu. Na wakati wa kubangua, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Kidonda cha namna hiyo daktari aliyetoka bara anaweza kukidhania kitu kingine.

Hatua ya 6: Pesa

Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi matibabu kwenye vituo vya serikali. Ila dawa zikiisha utaandikiwa ukanunue nje, kwa hiyo omba karatasi yenye jina la dawa limeandikwa likasomeka, kisha nenda duka lililosajiliwa. Kama mna bima, uliza kabla kama kituo kinaipokea na kama jina la mtoto limo, siyo siku ya homa. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Na malipo ya mnada wa korosho yakiingia, toa nauli ya dharura kwanza, iweke kwenye simu, uiite jina la mtoto ili usiiguse.

Hatua ya 7: Bingwa ni wa lini?

Si kila homa. Mtafute bingwa wa watoto kama mtoto alizaliwa njiti, kama hakui au kilo zinashuka miezi miwili mfululizo, kama anapata degedege hata bila homa, kama anabanwa kifua mara kwa mara, kama midomo na kucha zinageuka bluu akilia au akinyonya. Mwenye maumivu ya viungo yanayorudi, vidole vilivyowahi kuvimba, macho ya manjano na damu inayopungua kila mara, apimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita siko seli. Kipimo hicho ni cha damu, kinafanyika mara moja, na kinabadilisha maisha ya mtoto kwa sababu akijulikana anaanzishiwa kliniki yake na dawa zake. Najua mzazi aliyeongezewa mtoto damu mara nne kabla ya mtu yeyote kumtajia neno selimundu.

Njia ya kumfikia bingwa ni barua ya rufaa. Muombe tabibu wako: "Naomba unisaidie nikamwone bingwa wa watoto, nina wasiwasi na hili." Kabla ya kupanda gari kwenda Ligula au Mitengo, piga simu au tuma mtu aulize kliniki ya watoto ni siku gani. Nimeona watu wametoka Nanyumbu alfajiri wakafika siku ambayo si yake.

Kuna pia kambi za madaktari bingwa zinazotangazwa kwenye hospitali za halmashauri. Nenda, ila nenda na makaratasi yote, na usiondoke bila kuuliza nani atamwona mtoto kambi ikishavunjwa.

Hatua ya 8: Wakati wa kutochagua

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au kifua kikibonyea: mlango wa karibu ulio wazi, basi. Kichanga cha chini ya mwezi mmoja ongeza hizi: mwili wa moto au wa baridi, umanjano uliofika viganjani na nyayoni, kitovu chekundu chenye usaha. Kwa kichanga na kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni ipo namba 115, ya bure, inayotafuta usafiri wa dharura. Maswali ya afya ya kawaida yana namba 199, nayo bure.

Degedege likimkuta nyumbani, mlaze ubavu, mfungulie nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu mpaka azinduke, usimfukize. Akizinduka na anaweza kumeza, mpe ziwa au maji ya sukari njiani. Njiani, nimesema. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na alitaka kusaidia. Ule moshi tu ungemziba mtoto pumzi.

Hatua ya 9: Kuhama daktari

Inaruhusiwa. Lakini usihame ndani ya siku moja. Asubuhi hapa, mchana duka la dawa, jioni kwa mwingine, mtoto anakuwa amemeza paracetamol ya watu watatu na hakuna anayejua. Mpe daktari siku alizosema, isipokuwa dalili za hatari zikitokea. Ukihama, hama na daftari: tarehe, uzito, kipimo kilisema nini, dawa gani, siku ngapi, jina na cheo. Daftari la kurasa 48 linatosha miaka mingi. Lifunike nailoni; la kwangu la kwanza lililoa kwenye bajaji na nikapoteza mwaka mzima wa pumu ya mwanangu.

Ukitendewa vibaya, usimalizie hasira kwa nesi wa zamu. Muone mganga mfawidhi wa kituo, na asipokusikiliza, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Peleka tarehe na saa. Malalamiko yenye saa yanasikilizwa.

Karatasi yangu ya milango imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya kalenda. Namba za simu nimeziandika kwa penseli, kwa sababu watumishi wanahamishwa. Ya muuguzi wa zahanati nimeshaifuta mara tatu. Kila anapokuja mpya namuuliza anasikia dirisha lipi.